Mwanza hadi Dar kwa ndege ni kilomita ngapi na muda gani: jinsi ya kupiga hesabu mwenyewe

Ukimuuliza mtu Mwanza hapa "Dar kwa ndege ni masaa mangapi" utapewa majibu ya kila aina. Huyu lisaa limoja, yule lisaa na nusu, mwingine anakwambia mawili na ushee, halafu anatokea mmoja anasema yeye alitoka nyumbani asubuhi akafika kwa dada yake Kimara giza linaingia. Na wote hao hawadanganyi, maana jibu linategemea ndege ya aina gani, inapita wapi, na unaanza kuhesabu ukiwa umeshakaa kwenye siti au ukiwa ndo kwanza unafunga geti Buhongwa. Kwa hiyo badala ya kuuliza watu jifunze kupiga hesabu yako, ni rahisi kuliko unavyofikiri, unahitaji simu yenye kalikuleta basi, na ukishaijua unaitumia kwa Dar, Bukoba, Entebbe, Nairobi, popote pale huku kwetu.

Kwanza achana na kilomita za barabara

Hapa ndipo wengi wanapotea mapema. Unafungua Google Maps unaandika Mwanza, unaandika Dar es Salaam, inakuja kama kilomita 1,150, unasema haya ndo umbali wenyewe. Hapana, hiyo ni ya gari. Barabara inashuka Shinyanga, inakwenda Nzega, Igunga, Singida, Dodoma, Morogoro ndo iingie Dar, yaani inazunguka kufuata miji. Ndege haina habari na Igunga, inakata moja kwa moja kuelekea kusini mashariki, na umbali wake ni kama kilomita 850 tu. Tofauti ni kilomita 300, sio mchezo, ukiweka hiyo 1,150 kwenye hesabu ya ndege kila kitu kinaharibika.

Kama unataka kuuona umbali wa hewani bila hesabu, kwenye hiyohiyo Google Maps shikilia kidole juu ya uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka pini idondoke, shuka chini kwenye menyu utafute sehemu ya kupima umbali, halafu sogeza ramani mpaka alama ikae juu ya uwanja wa Dar. Inachora mstari ulionyooka na kukuandikia kilomita. Kuna pia tovuti inaitwa Great Circle Mapper, pale unaandika kodi za viwanja vya ndege tu, yaani zile herufi tatu za kila uwanja, MWZ-DAR, inakupa jibu fasta. MWZ ni Mwanza, DAR ni Julius Nyerere, BKB ni Bukoba, JRO ni Kilimanjaro, DOD ni Dodoma, ZNZ ni Zanzibar, EBB ni Entebbe, NBO ni Nairobi. Hizo kodi zishike kichwani maana zitakusaidia hata kwenye kusoma tiketi na kwenye lebo ya begi, hakikisha begi lako limeandikwa DAR na sio kitu kingine.

Hesabu yenyewe, kwa wanaopenda kujua inatoka wapi

Hii ni Pithagorasi ileile ya sekondari uliyoapa kwamba hutaitumia maishani. Sisi tuna bahati moja, tuko karibu na ikweta, na karibu na ikweta nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zinakaribiana sana kwa urefu, zote ni kama kilomita 111. Kwa hiyo ramani ya kwetu unaweza kuichukulia kama karatasi ya grafu tu.

Chukua nambari za viwanja. Mwanza iko latitudo 2.44 kusini, longitudo 32.93 mashariki. Dar iko 6.88 kusini, 39.20 mashariki. Sasa:

Tofauti ya latitudo: 6.88 toa 2.44 = 4.44
Tofauti ya longitudo: 39.20 toa 32.93 = 6.27
Zidisha kila moja kwa yenyewe: 4.44 × 4.44 = 19.71, na 6.27 × 6.27 = 39.31
Jumlisha: 59.02
Tafuta kipeuo cha pili: 7.68
Zidisha kwa 111: 852

Kilomita 852, na ukienda kupima kwa vyombo vya maana unapata namba hiyohiyo, labda ipungue kilomita moja. Hesabu ya darasani imekufikisha Dar bila bando.

Ila kuna mtego mmoja, ikweta. Mwanza tuko kusini ya ikweta, lakini unakokwenda kunaweza kuwa kaskazini. Ikiwa hivyo latitudo hazitolewi, zinajumlishwa. Entebbe haionekani sana kwa sababu iko 0.04 tu kaskazini, imeikalia ikweta kabisa, kwa hiyo 2.44 jumlisha 0.04 ni 2.48, longitudo zinapishana 0.49, ukimaliza unapata kama kilomita 280. Lakini chukua Juba, ambayo iko 4.87 kaskazini na 31.60 mashariki. Ukitoa badala ya kujumlisha unapata Juba iko kilomita 307 kutoka Mwanza, karibu kama Entebbe, wakati ukifanya sawasawa ni zaidi ya kilomita 820. Kwa hiyo angalia herufi, S ni kusini na N ni kaskazini, kwenye simu nyingine kusini inaandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba.

Na usiende nayo mbali sana. Kutoka Dar kwenda London hesabu hii inakupa kama kilomita 7,830 wakati ukweli ni kama 7,500, kwa sababu kadri unavyopanda kaskazini mistari ya longitudo inabanana. Safari za Ulaya tumia ile tovuti, za Afrika Mashariki piga mwenyewe.

Nyingine za kutoka Mwanza nimekupigia tayari: Bukoba kama kilomita 175, Entebbe 280, Nairobi 460, Kilimanjaro 473, Dodoma karibu 520, Zanzibar kama 815. Sijasema kila moja ina ndege ya moja kwa moja kutoka hapa, nasema umbali wa hewani, ndege zenyewe utaangalia kwenye ratiba.

Jua unapanda ndege gani

Hapa ndo siri ya yale majibu tofauti. Wakati unakata tiketi mtandaoni, pembeni ya namba ya safari huwa wanaandika aina ya ndege, watu wanapita tu bila kusoma. Huku kwetu utakutana na hizi:

ATR 72, mara nyingi imeandikwa AT7, ni ile ya mapangaboi yenye mabawa juu ya madirisha. Inatembea kama kilomita 500 kwa saa.

Dash 8 Q400, inaandikwa DH4, hii ndo watu wanaita bombadia. Nayo ni mapangaboi lakini ina nguvu zaidi, inacheza kwenye 620 mpaka 660 kwa saa.

Airbus A220, kodi yake 223, na Boeing 737 MAX 9, kodi 7M9. Hizi ni jeti, zikishatulia juu ziko kwenye 830 na kuendelea.

Na Cessna Caravan, C208, kile kidogo cha injini moja, kama 340 kwa saa. Kinafanya kazi sana kwenye mbuga na viwanja vidogo.

Kuna watu wanadharau mapangaboi, wanaona kama ni za kizamani. Sio za kizamani, zimetengenezwa kwa safari fupi na viwanja vifupi, zinakula mafuta kidogo, na kwenye safari kama Bukoba jeti haikusaidii kitu kama utakavyoona sasa hivi. Mimi kwa mtazamo wangu kwenda Dar jeti ina maana, ila kama tofauti ya nauli ni kubwa panda hayo mapangaboi, unachopoteza ni dakika arobaini tu.

Gawanya, halafu ongeza dakika 20 mpaka 25

Umbali gawanya kwa spidi. Ila usiishie hapo, maana ndege haikimbii 830 tangu inapoondoka. Inatambaa kwanza kwenda kwenye njia ya kurukia, inapanda, ikikaribia inashuka polepole, na ikitua inatambaa tena kwenda kuegesha. Na muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabiwa kuanzia inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa kule, sio magurudumu yakiwa hewani peke yake. Ndo maana tunaongeza dakika 20 mpaka 25.

Mwanza Dar kwa jeti: 852 gawanya kwa 830 ni saa 1 na dakika 2, ongeza, unapata kama saa 1 na dakika 25.
Kwa bombadia: 852 kwa 640 ni saa 1 na dakika 20, ongeza, kama saa 1 na dakika 40 na kitu.
Kwa ATR: 852 kwa 500 ni saa 1 na dakika 42, ongeza, masaa 2 na dakika kama 5.

Umeona? Yule wa lisaa na nusu na yule wa masaa mawili wote wako sahihi, walipanda ndege tofauti.

Sasa jaribu Bukoba. ATR: kilomita 175 kwa 500 ni dakika 21, ongeza 20, dakika 41. Caravan: 175 kwa 340 ni dakika 31, lakini yenyewe haipandi juu sana na haitambai muda mrefu, mpe 15, dakika 46. Yaani ndege moja ina spidi kubwa kwa mbali kuliko mwenzie na bado wanapishana dakika tano. Safari ikiwa fupi spidi haina maana sana, muda unaliwa na kupanda na kushuka.

Kuhusu kushuka, kuna kitu kizuri cha kujionea ukiwa umekaa dirishani. Jeti ikiwa futi 35,000 inaanza kushuka ikiwa imebakiza kama kilomita 190. Utasikia muungurumo wa injini umepungua ghafla, masikio yanaanza kuziba, watu wanaanza kuangaliana. Hakuna kilichoharibika, rubani anaiacha iteremke taratibu, ukisikia hivyo angalia saa, hapo una dakika ishirini na tano hivi kugusa chini. Tafuna kitu au piga miayo masikio yazibuke, na kama una mtoto mchanga mpe nyonyo wakati huohuo.

Upepo? Upo, lakini huku karibu na ikweta upepo wa juu sio mkali kama wa kule kaskazini. Wenzetu wa London kwenda New York wanapishana karibu lisaa zima kati ya kwenda na kurudi kwa sababu ya upepo wa juu unaotoka magharibi. Sisi Mwanza Dar ni dakika chache tu, usiumize kichwa.

Angalia kama inapita sehemu

Hili watu hawaliangalii kabisa, wanaona bei imepungua wanabonyeza. Tuseme ndege inatoka Mwanza inapitia Kilimanjaro ndo iende Dar. Kwa kilomita ni 473 jumlisha 450, jumla 923, umezidisha kilomita sabini tu kwenye ile ya moja kwa moja. Ukiishia hapo unasema ah, dakika tano. Piga hesabu kamili sasa: kila kipande kwa jeti ni kama dakika 55, maana zile dakika za kupanda na kushuka unazilipa mara mbili, halafu pale chini inakaa dakika 35 au zaidi watu washuke wengine wapande. Jumla karibu masaa mawili na nusu. Lisaa zima limeondoka kwa ajili ya kilomita sabini. Kama huna haraka sawa, kama unaunganisha ndege nyingine Dar basi fikiria mara mbili.

Saa za kwenye tiketi

Hapa naomba uniazime sikio vizuri maana watu wanaachwa na ndege kila siku kwa hili, na sio wazee tu. Tiketi inaandikwa kwa saa za kimataifa, masaa 24, sisi tunaishi kwa saa zetu. Kanuni ni hii:

Kuanzia 07:00 mpaka 18:59 toa 6. Kwa hiyo 13:40 ni saa 7:40 mchana.
Kuanzia 19:00 mpaka 23:59 toa 18. 21:15 ni saa 3:15 usiku.
Kuanzia 00:00 mpaka 06:59 ongeza 6. 06:10 ni saa 12:10 asubuhi, 05:50 ni saa 11:50 alfajiri.

Mbaya kuliko zote ni ile ya usiku wa manane. Tiketi imeandikwa tarehe 15, saa 00:30. Kwa akili zetu tarehe 15 inaanza jua likichomoza, kwa hiyo mtu anaenda uwanjani tarehe 15 usiku, kumbe ndege iliondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani alitakiwa awe uwanjani tarehe 14 jioni. Kama una ndugu anayeunganisha Dar kwenda Dubai au Istanbul na ndege ya usiku, mpigie umuulize "unaondoka usiku wa kuamkia lini", usimuulize tarehe.

Halafu saa za nchi. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia saa ileile, hakuna shida. Rwanda na Burundi wako nyuma yetu lisaa limoja. Na tiketi siku zote inaandika saa ya pale ndege ilipo, saa ya kuondoka ni ya kwetu, saa ya kufika ni ya kwao. Tuseme umeona Dar Kigali inaondoka 10:00 inafika 10:50, usifurahi ukasema dakika hamsini, ni saa 1 na dakika 50. Kucheki piga ile hesabu yetu: Dar Kigali ni kama kilomita 1,140, haiwezekani jeti ikamaliza kwa dakika hamsini. Na wakati wa kurudi utaona imeandikwa kama masaa matatu kasoro, usije ukasema wamezunguka.

Sasa hesabu ya nyumba kwa nyumba

Hii ndo muhimu kuliko yote na ndo inayomtetea yule wa asubuhi mpaka giza. Tuchukue mtu anakaa Buhongwa, ndege yake ni jeti ya 13:40, saa 7:40 mchana, anakwenda Kimara.

Uwanja wetu uko upande wa Ilemela, kama kilomita kumi kutoka mjini kati. Kutoka Buhongwa maana yake unakatiza jiji zima, Nyegezi, Mkuyuni, Igogo, unaingia mjini, unapita Furahisha, Kirumba, Pasiansi, ndo ufike. Siku ya kawaida sio mbaya. Siku ambayo kuna mechi kubwa CCM Kirumba usiseme hukuambiwa, pale magari yanasimama, bajaji zinapenya huku na kule, bodaboda ndo inafika. Kabla hujapanga safari angalia ratiba ya ligi, nasema kweli, weka lisaa zima la ziada kama Yanga au Simba wako mjini.

Safari za ndani fika uwanjani lisaa na nusu mpaka mawili kabla, maana kaunta inafungwa mapema kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa hata ukilia unaiona ndege yako ipo palepale nje na hupandi. Ya nje ya nchi weka masaa matatu.

Kwa hiyo mtu wetu anatoka Buhongwa saa 4 asubuhi. Saa 5 na robo hivi yuko uwanjani. Saa 7:40 wanaondoka, saa 9 na dakika 5 wako Dar. Anasubiri begi, saa 9 na nusu yuko nje anahangaika na teksi. Kutoka pale uwanjani mpaka Kimara foleni ya jioni ndo inaanza kunoga, akifika saa 11 amshukuru Mungu. Masaa saba. Ndege yenyewe humo ndani ni saa 1 na dakika 25.

Sisemi basi ni bora, basi ni siku nzima au usiku mzima na chenji juu, hata sasa ambapo mabasi ya usiku yamerudishwa tangu 2023. Ninachosema ukimwambia mtu akupokee au ukipanga kikao usimwambie "nafika baada ya lisaa na nusu".

Na hii hesabu ya masaa saba ndo ya kutumia kwa samaki. Najua hakuna anayetoka Mwanza mikono mitupu, ukienda Dar bila sato watu wanakuangalia vibaya. Watu wanafungasha kwa kuangalia muda wa ndege, kumbe samaki anahesabu tangu anatoka kwenye friza. Usinunue asubuhi ya safari halafu ukategemea barafu la kununua njiani. Nunua siku mbili kabla, pale soko la samaki la Mwaloni uko karibu na kila kitu, wasafishwe, watolewe matumbo, wafungwe mmojammoja kwenye mfuko, walale kwenye friza usiku mbili wawe wagumu kama tofali. Siku ya safari wanaingia kwenye lile boksi jeupe jepesi la kuhifadhia baridi, wapange wabanane pasibaki nafasi ya hewa, funga kwa soltepu kuzunguka kote, kisha mfuko wa nailoni juu yake. Wakibanana vizuri wanapoozana wenyewe, hata barafu huhitaji, na bila barafu hakuna maji ya kuvuja, maana boksi likivuja pale kaunta wanakurudisha ukafungashe upya na muda ndo huo unakwenda. Uliza kabla kilo zako ni ngapi, boksi linahesabiwa kama begi. Dagaa wakavu wao hawana shida ya joto, shida yao ni harufu, funga mara tatu na usiwachanganye na nguo za sherehe.

Bukoba ni kesi yake

Kwa Bukoba hesabu imebadilika. Zamani ulikuwa unalinganisha ndege ya dakika 40 na barabara yenye foleni ya kivuko pale Kigongo, hapo hakukuwa na mjadala. Sasa daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, unapita kwa dakika chache. Barabara ni kilomita mia nne na kitu, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Kwa ndege ukijumlisha kwenda uwanjani, kusubiri na kutoka kule unajikuta kwenye masaa manne. Kwa gari binafsi ukitoka alfajiri mchana upo. Kwa hiyo kama mko wanne kwenye gari moja mimi sioni sababu ya ndege, kama uko peke yako na unarudi jioni panda ndege. Na meli ipo kwa anayependa kulala njiani aamkie Bukoba.

Ila kwa ndege ya Bukoba weka akiba ya muda kuliko ya Dar. Ziwa hili lina tabia ya kupika mvua usiku na alfajiri, mawingu yanakaa juu ya maji mpaka asubuhi, na uwanja wa Bukoba uko ufukweni kabisa. Ile ajali ya Novemba 2022 iliyoondoka na watu 19 ilitokea asubuhi ya hali mbaya ya hewa hivyohivyo. Kwa hiyo rubani akikaa anazunguka, au akarudi Mwanza, usianze kupiga kelele kwamba una kikao. Msimu wa mvua, kama safari ina haraka, ndege ya mchana huwa na usumbufu mdogo kuliko ya alfajiri.

Siku yenyewe: angalia ndege inayokuja kukuchukua

Hii ni ya mwisho na ndo inayonisaidia sana. Ndege nyingi za kutoka hapa hazilali hapa, inakuja kutoka Dar, inashusha, inapakia, inageuza. Fungua Flightradar24, ile inayoonyesha ndege ziko wapi angani, andika namba ya safari, utaona pia historia yake ya siku zilizopita, iliondoka saa ngapi kweli na ilitumia muda gani kweli, linganisha na hesabu yako. Saa za humo unaweza kuziona kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, hapo ongeza 3 upate saa ya Tanzania.

Halafu tafuta ile inayokuja. Ndege yako ni saa 7:40 mchana, ni jeti. Kuja inatumia saa 1 na dakika 25, chini inahitaji kama dakika 40 kushusha na kupakia. Kwa hiyo ili uondoke kwa wakati inatakiwa iwe imeondoka Dar kabla ya saa 5 na dakika 35. Ukiangalia saa 6 kamili na bado imesimama Dar, basi mapema kabisa inafika Mwanza saa 7 na dakika 25, inaondoka saa 8 na dakika 5, hata kama kwenye ubao bado wameandika iko kwenye muda. Ikiwa ni ATR rudi nyuma zaidi, lazima iwe imeondoka Dar kabla ya saa 4 na dakika 55. Wewe bado nenda uwanjani kwa muda uleule wa kaunta, kaunta haijali ndege iko wapi, ila yule wa kukupokea Dar mpigie mapema umwambie asitoke nyumbani kwanza.